Makundi Yatakayoweka Mashada

Nimefundisha nomino za jamii kwa miaka ishirini na tisa, na sijawahi kuzifundisha kwa upole. Watoto wa darasa la tano hapa Iguguno wanajua kwamba Mwalimu Damari akiingia na orodha ile, mzaha umekwisha. Tita la kuni. Bumba la nyuki. Robota la pamba. Mtungo wa samaki, ingawa samaki wetu hutufikia wamekauka ndani ya gunia. Mkungu wa ndizi, ambao nusu ya darasa waliuona kwa mara ya kwanza juu ya lori lililoharibika barabarani. Nilikuwa nawaambia kwamba hakuna kitu kinachokaa peke yake duniani. Watu watakitafutia wenzake, watakifunga pamoja nao, na watakipa jina. Niliamini hivyo kabisa. Mtu anaweza kuamini upuuzi kwa miaka mingi kama analipwa mshahara ili aufundishe.

Mwaka mmoja niliandika ubaoni "shada la maua". Mtoto mmoja anaitwa Nathan, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, shada si la msibani?"

"Ni la maua yoyote yaliyofungwa pamoja, Nathan. Hata ya harusi."

"Lakini Mwalimu, sisi hatujawahi kuliona popote isipokuwa msibani."

Darasa likacheka. Nilimpa adhabu ya kufagia ofisi ya walimu siku tatu, na alikuwa amesema kweli tupu.

Kwetu mtu akishafukiwa na udongo ukasawazishwa, mshereheshaji hushika kipaza sauti na kuita makundi yaje kuweka mashada. Ndiyo, hata msibani anaitwa mshereheshaji, na nimechoka kulalamika. Anaita mjane na watoto, anaita ndugu, anaita ukoo, anaita wakwe, anashuka hivyo hivyo mpaka majirani na marafiki. Kila kundi linapita mbele, linaweka shada lake, linawapa mkono wafiwa, linarudi kukaa. Ukiitwa, umejulikana ulikuwa nani kwa marehemu. Usipoitwa, ulikuja kula. Watu wa hapa wanaweza kusahau mahubiri kabla hawajafika nyumbani, lakini nani aliitwa mbele ya nani watakusimulia hata baada ya miaka kumi.

Laurian alifariki Jumanne moja ya mwezi wa nne, alizeti zikiwa zimechanua. Alifia hospitalini Singida mjini, mkono wake mzima ukiwa ndani ya mkono wangu. Nasema mkono mzima kwa sababu upande mwingine ulikuwa umekufa miaka miwili kabla, siku alipoanguka kwa kiharusi kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Kwa miaka miwili hiyo nilimgeuza, nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nikaenda kufundisha, nikarudi saa nne kumgeuza tena, nikarudi darasani. Kabla ya hapo tulikuwa tumekaa pamoja miaka kumi na minne, mimi na yeye, chini ya bati moja. Hatukujaliwa mtoto.

Wala hatukufunga ndoa. Laurian alikuwa na mke wa kanisani, Evodia, aliyeondoka na watoto wao wawili wakati mwanamume huyo alipokuwa bado anakunywa pombe mpaka analala njiani. Evodia alikwenda Shelui, akafungua mgahawa pale malori yanapolala, akasomesha watoto. Simlaumu. Yeye alipata Laurian mlevi, mimi nikapata Laurian aliyeacha. Lakini ndoa ya kanisa haivunjwi, na Evodia hakutaka kuivunja, na Laurian hakuwa na ujasiri wa kuliongelea. Kila nikimwambia twende hata kwa mkuu wa wilaya tuulize, anasema, "Damari, nani hajui kwamba wewe ni mke wangu?"

Ni kweli, walijua wote. Kaka yake, Antipasi, aliniita shemeji kwa miaka kumi na sita. Shemeji, leo umepika nini? Shemeji, niazime toroli. Shemeji, huyu mtoto wangu kafeli Kiswahili, mfinyangefinyange kidogo. Siku ile ya Jumanne nilimpigia simu kutoka hospitalini, nikamwambia Laurian amekwenda. Akalia, na baada ya kulia akasema, "Asante kwa taarifa, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa. Nilikuwa nalia, sikusikia vizuri.

Mwili ulipelekwa nyumbani kwa Antipasi, siyo kwetu. Evodia alishuka kwenye basi Jumatano asubuhi, akavalishwa kitenge cheusi, akakalishwa kwenye mkeka wa mjane. Mimi nilikaa na akina mama wa jirani kwenye mafiga, nikichambua mchele. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wananipa pole kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, wakiangalia huku na huku kwanza.

Jumatano hiyo hiyo mchana Antipasi akaja nyumbani kwangu na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alikaa kwenye kiti cha Laurian, akainuka haraka kama kilikuwa cha moto, akahamia kwenye stuli.

"Mwalimu, tuna shida ya ratiba. Hii nimeandika mwenyewe, lakini wewe ndiye mwenye kompyuta, na Kiswahili chako kinajulikana. Padri atakuwepo, diwani atakuwepo. Hatutaki aibu."

Nikaisoma. Ilikuwa aibu kweli. Alikuwa ameandika "wazee wazee", "wale wa mashine", "waimbaji", "vijana wa pikipiki". Na mimi, mjinga mimi, kiburi cha kazi kikanipanda kichwani. Mume wangu yuko ndani ya jeneza na mimi nasahihisha. Nikafungua kompyuta, nikaandika: Baraza la Wazee. Umoja wa Wakamuaji Alizeti. Kwaya ya kanisa. Kijiwe cha bodaboda, ambacho nilikiacha hivyo hivyo kwa sababu wenyewe wanajivunia. Halmashauri ya Kijiji. Nilipanga makundi yote kwa heshima yake, kila moja na jina lake, na kwa dakika kumi hivi nilikuwa na furaha. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu nikauliza, bila kuondoa macho kwenye kompyuta, "Na mimi naingia wapi?"

Antipasi akakohoa. "Si majirani? Wewe si jirani?"

"Jirani wa nani, Antipasi? Mimi na Laurian tulipakana ukuta?"

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Mwenye cheti ni Evodia. Padri akisikia maneno mengine pale kaburini ataondoka, na sisi kama ukoo tutakuwa tumemzikaje ndugu yetu? Nifikirie na mimi." Akanyoosha kidole chini kabisa ya karatasi yake. "Hata hivyo sikukusahau. Angalia hapa. Nimeandika watu binafsi. Mshereheshaji akifika hapo atakutaja kwa jina: Mwalimu Damari. Utatoka, utaweka ua lako, utarudi."

Nikaangalia. Ilikuwepo kweli, kwa mwandiko wake wa kulala: watu binafsi. Alikuwa amefikiria. Leo nikikumbuka, naona kwamba pengine ndiyo huruma aliyoiweza, na kwamba aliipigania kwenye kamati.

Lakini mimi nilichemka. Watu binafsi ni nani? Ni mfanyabiashara aliyepita njia akasimama. Ni mlevi aliyewahi kununuliwa bia na marehemu. Miaka kumi na sita, miwili nikisafisha haja zake kwa mikono hii, halafu nitajwe mwisho, baada ya bodaboda, pamoja na wapita njia! Nikamwambia sitaki. Nikamwambia kama jina la mke ni zito mdomoni mwao, basi waandike jambo nililolifanya, maana hilo hakuna padri wa kulikataa. Na pale pale, mbele ya macho yake, nikaufuta kwa kalamu ule mstari wa watu binafsi kwenye karatasi yake, na mahali pake, kwenye kompyuta, nikaandika: Waliomuuguza marehemu.

"Waliomuuguza," Antipasi akasoma polepole. "Ni wangapi hao?"

"Unawajua."

Akatikisa kichwa kukubali. "Sawa, Mwalimu. Ni maneno mazuri. Nitumie kwenye simu, kijana wangu atakwenda kuchapisha mjini."

Alikubali haraka mno. Mtoto wa darasa la tano anapokubali haraka hivyo, huwa namrudisha kwenye kiti na kumuuliza tena. Antipasi nilimsindikiza mpaka nje.

Nikaituma ratiba kwenye kundi la WhatsApp la msiba, ambamo nilikuwa nimeingizwa asubuhi ile ile. Watu wakaandika asante, mmoja akaweka mikono ya kusali. Alhamisi asubuhi nilifungua simu niangalie saa ya kutoka kanisani, nikakuta maandishi madogo ya kijivu kwamba Antipasi amekuondoa. Nikajiambia amebonyeza vibaya. Mtu mzima, vidole vinene, simu ndogo. Nilijidanganya vizuri sana kiasi kwamba nilimwonea huruma.

Kisha nikaingia shambani nyuma ya nyumba na kisu. Shamba lile Laurian alikuwa analitazama kutoka kitandani kupitia dirishani, mimi nikilima na yeye akinipigia kelele kwamba mistari imepinda. Nikakata alizeti saba, zile za ukubwa wa sahani. Nikachukua waya kutoka kwenye mashine yake, nikaukunja duara, nikazifunga alizeti humo kwa vipande vya kanga yangu. Makundi mengine yalikuwa yamenunua mashada ya plastiki mjini, yamefungwa kwenye karatasi zinazong'aa. Langu lilikuwa zito na lilidondosha unga wa njano kwenye gauni langu. Nililipenda. Nilijiona nimekwenda mbele ya kaburi lile nimebeba shada langu, jina limetajwa, watu wamenyamaza, na Laurian kule chini anasema mistari imepinda.

Kaburini tulifika jua likiwa kali. Walikuwa wamepiga mahema mawili, moja la wafiwa na wageni wa heshima, jingine la wengine wote. Nikakaa kwenye la wengine wote, shada langu magotini. Kijana akapita akigawa ratiba. Nikaipokea, nikavaa miwani.

Maneno yangu yote yalikuwepo. Baraza la Wazee, Umoja wa Wakamuaji, Halmashauri, Kwaya, Kijiwe. Hata nukta zangu na herufi zangu kubwa hawakuzigusa. Nikashuka kwa kidole mpaka chini. Majirani. Marafiki. Neno la shukrani. Chakula. Waliomuuguza hawakuwepo. Na wale watu binafsi, ambao Antipasi alikuwa amenitafutia kwa shida zake, nao hawakuwepo, kwa sababu niliwafuta mimi mwenyewe.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kuondoka. Lakini mtu utaondokaje na alizeti saba magotini, mbele ya kijiji kizima? Nikabaki.

Mshereheshaji alikuwa Nathan. Sasa ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ana suti, ana kampuni yake ndogo ya vipaza sauti na mahema, na ile sauti imepata mwili wake. Asubuhi alinipita mlangoni kwa Antipasi, akainama, "Shikamoo Mwalimu," nami nikamwitikia marahaba. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anasoma alichopewa.

"Tunaanza na mjane na watoto," akasema. Evodia akainuka akiwa ameshikwa kwapa na wanawake wawili. Nyuma yake wakafuata wanawe. Mkubwa, Elisha, alikuwa akija likizo kwa baba yake, na viatu vyake vya sekondari nilimnunulia mimi. Alipopita karibu na hema letu aliniona. Akaangalia ardhi.

Wakaitwa ndugu. Ukaitwa ukoo. Wakaitwa wakwe, watu wa Evodia kutoka Shelui, ambao Laurian alikuwa hajawatia machoni kwa miaka kumi na tano. Ukaitwa umoja, likaitwa baraza, ikaitwa kwaya. Kijiwe cha bodaboda wakatoka tisa, wamevaa vizibao vyao vya kung'aa, na shada lenye maandishi PUMZIKA KAMANDA. Nilikuwa nimewapanga mimi, kila mmoja mahali pake. Wote walikuwa wanapita mbele yangu kwa mpangilio wangu.

Waliitwa majirani. Akina mama wa mafiga wakainuka, na Selina, tunayepakana naye shamba, akanivuta mkono. "Twende, Damari." Nikautoa mkono wangu. "Siyo hili," nikamwambia. Akanitazama kwa masikitiko, akaenda na wenzake.

Wakaitwa marafiki. Wakarudi kukaa. Nathan akakunja karatasi, akafuta jasho, na kisha akafanya kile ambacho kila mshereheshaji hufanya, ratiba iwe imeandikwa au haikuandikwa.

"Ndugu waombolezaji, sisi ni binadamu. Je, kuna kundi lolote tulilolisahau?"

Nikasimama.

Sikumbuki kuamua. Nilijikuta niko wima, waya umenikata kiganja, na viti vya plastiki vinalia kwa watu wanaogeuka. Nathan akaniona, na akatabasamu kwa heshima, jinsi mtu anavyotabasamu kwa mwalimu wake.

"Ah, Mwalimu wetu! Karibu Mwalimu. Unawakilisha kundi gani?"

Akakileta kipaza sauti mpaka mbele ya mdomo wangu. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe jana yake, maneno mawili, hayana kosa: waliomuuguza marehemu. Na kama ningekuwa na roho ya kutosha, kulikuwa na neno jingine fupi zaidi, ambalo halihitaji umoja wala baraza. Nikatazama mbele. Padri alikuwa ameinua macho kwenye kitabu chake. Antipasi alikuwa ananitazama huku akitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemwomba ng'ombe asiingie shambani. Elisha ameinamisha uso. Evodia, chini ya mtandio wake mweusi, alikuwa amenikazia macho, na sikuona chuki ndani yake, niliona mtu aliyechoka anayesubiri kusikia. Watu mia nne walikuwa kimya.

Ndani ya kimya hicho nikaogopa. Nasema wazi: niliogopa. Nimechapa watoto kwa kushindwa kutamka neno wanalolijua, nikawaambia woga ni uvivu, na sasa neno lilikuwa limenikwama na kijiji kizima kinasubiri. Kwa hiyo nikatoa jibu ambalo darasa zima lilikuwa linalitaka.

"Majirani," nikasema.

Sauti ikapita kwenye vipaza sauti vyote vinne na kurudi kutoka kwenye ukuta wa shule.

Nathan akacheka kidogo, kwa upendo. "Mwalimu, majirani wameshapita! Leo wewe ndiye umechelewa kipindi." Watu wakacheka, wale waliokuwa wamebana pumzi wakacheka zaidi, na Antipasi akafumba macho kwa kushukuru. "Lakini hakuna neno, Mwalimu. Njoo tu, njoo uweke."

Nikaenda. Ni hatua thelathini hivi. Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa kwa jua. Nikaliweka shada langu pembeni, kwa sababu katikati kulikuwa kumejaa, na likaegemea lile la bodaboda. Sikulia. Jirani halii sana.

Halafu nikapita kuwapa mkono wafiwa kama inavyotakiwa. Antipasi akanishika kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akubariki, Mwalimu," na nadhani alimaanisha. Elisha alinipa vidole tu. Mwisho nikafika kwa Evodia. Aliutazama mkono wangu, waya ulipokata, damu kidogo imechanganyika na unga wa njano. Akaushika taratibu. Alikuwa na kiganja kigumu cha mtu wa sufuria kubwa.

"Asante sana, jirani," akasema. "Wameniambia ulikuwa unamwangalia."

Ilikuwa zamu yangu kujibu, na nyuma yangu Nathan alikuwa tayari anamkaribisha msemaji wa neno la shukrani.

"Poleni sana na msiba," nikamwambia.